Kilima Nyuma ya Hoteli

14 Oktoba 1989

Mwalimu wetu wa ngumbaru alisema nisipoandika, mkono utasahau, nirudi kuweka kidole gumba kwenye wino kama zamani. Basi naandika. Mimi ni Kalondu, mjane wa Mulei. Shule sikuiona hata mlango. Herufi nilizipata uzeeni, chini ya bati la kanisa, pamoja na wanawake wenzangu tunaolimiana mashamba. Mvua bado.

15 Oktoba

Joto. Mbuzi wamelala midomo wazi.

18 Oktoba

Leo niseme habari za hoteli, maana bila hiyo mtu hataelewa ninavyoishi.

Hapa palikuwa bonde. Serikali ikajenga ukuta wa saruji huko chini, maji yakarudi nyuma, yakapanda, yakala mashamba. Watu walihama. Mimi nilikataa. Kaburi la Mulei liko juu ya kilima na maji hayakulifikia, sasa nihame niende wapi? Kilima kikabaki kimezungukwa pande zote, na shingo moja tu ya ardhi ya kutokea. Halafu wakaja watu wa Nairobi, wakaipenda ile shingo. Wakajenga Hoteli ya Ndauni juu yake kutoka maji hadi maji, wakapiga waya. Tangu hapo nikitaka kwenda soko la Tulia napita nyuma ya jikoni lao, na langoni nataja jina langu kama mgeni, mimi niliyekuwa hapa kabla ya mti wao wa kwanza.

Siku ya kufungua walituita tucheze ngoma. Nilicheza hata mimi na mifupa hii. Tulipewa soda na leso. Sitasema uongo, soda ilikuwa tamu, na ndani ya gilasi kulikuwa na barafu. Hicho ni kitu kimoja chao ninachokikubali.

Vingine ni hivi. Kuna bwawa la kuogelea lililochimbwa hatua chache kutoka kwa bwawa kubwa, kana kwamba maji yalikuwa haba. Kuna bembea, maboti, meza ndefu ya vyakula ambapo mtu anajipakulia bila kuulizwa. Kuna mchanga ulioletwa kwa malori kutoka mto mkavu, ukamwagwa ukingoni ili wageni waulalie. Mchanga huo sisi tulikuwa tunauchimba tukitafuta maji ya kunywa. Na kuna kasino, jumba la kamari, lenye taa zisizozimwa. Humo sijaingia.

21 Oktoba

Mbinya amerudi na mabaki ya keki. Kasyoka amekula mpaka akapakaa masikioni.

Mbinya ni mke wangu. Mtu wa mbali asishangae. Mimi sikuzaa. Kwetu mwanamke wa namna yangu akifiwa, anaweza kuoa msichana kwa jina la marehemu mumewe. Anapeleka mbuzi kwao kama mwanamume yeyote, na watoto wakizaliwa ni wa nyumba ya marehemu. Wamezaliwa na nani, hilo haliulizwi. Mhubiri wetu hapendi kulisikia, lakini mhubiri ana wana sita. Mbinya nilimtoa kwao Mukuyuni akiwa msichana mdogo anayecheka ovyo. Sasa anafua mashuka kwenye chumba cha dobi cha hoteli. Kasyoka ana miaka minne, ananiita susu, yaani nyanya, na ndiye pekee anayelibeba jina la Mulei hapa duniani.

29 Oktoba

Mawingu upande wa Kitui. Yameondoka.

2 Novemba

Imenyesha! Kumbikumbi wametoka ardhini kama moshi. Tumekula wa kukaanga, Kasyoka amewashika kwa mikono miwili. Kesho ni kunde na ndengu.

3 Novemba

Kupanda.

4 Novemba

Kupanda. Mgongo.

7 Novemba

Muktar amepanda huku juu. Huyu ndiye mkubwa wa malango, bustani na maboti ya hoteli. Kwao ni Garissa, watu wa mifugo, mrefu kama mlingoti, na anaongea taratibu utadhani kila neno lina mfupa. Kwenye kasino haingii. Anasema dini yake haimruhusu na kwamba yeye aliajiriwa kwa ajili ya yale yaliyo nje.

Alikuja kusema wenye hoteli hawataki tena nipite na mbuzi na kuni wakati wageni wanakula. Nipite alfajiri, au nisipite. Nilimwambia yeye ni paka wa matajiri. Alilitazama shamba, akamtazama Mbinya aliyekuwa akichambua mbegu, akaaga.

Alimtazama Mbinya. Naliandika hilo.

12 Novemba

Mvua. Kunde zimetoka.

15 Novemba

Mbinya amenunua kitambaa kipya cha kichwa. Nilimuuliza ni cha nini. Akasema kile cha zamani kimechakaa. Nilikiangalia, hakijachakaa.

18 Novemba

Leo nimepigana vita.

Asubuhi wafanyakazi wawili wa bustani walipanda wakiswaga mbuzi watatu, wanene, safi, waliochanwa manyoya. Wakasema wametumwa na Muktar, ni wa mama wa kilimani, na salamu nyingi. Wakawafunga kwenye uzio wangu wakaondoka.

Watatu. Yeyote wa kwetu anajua. Mbuzi hao wakiletwa na mwanamume kwenye boma lenye mwanamke kijana, wanaomba kitu kimoja tu, na ukiwapokea wakalala kwako usiku mmoja, umekubali. Nilimgeukia Mbinya. Alikuwa amesimama mlangoni na kile kitambaa kipya, ameinamisha macho. Damu ikanipanda.

Nikawafungua. Nikawaswaga mwenyewe mpaka chini, na sikupita nyuma ya jikoni. Nilipita katikati ya bustani, saa ya chai, wazungu na mabwana wa Nairobi wakiwa mezani. Mbuzi mmoja akala maua. Mwingine akapanda miguu ya mbele kwenye ile meza ya kujipakulia, akashika mkate mzima, na mama mmoja mnene akampiga picha. Muktar akaja mbio.

Nikamwambia mbele ya watu wote, "Mke wa mtu haombwi mara ya pili. Chukua wanyama wako."

"Mke wa nani, mama?"

"Wangu!"

Wageni wakacheka. Wapishi wakatoka na vijiko vyao kucheka pia. Muktar hakucheka. Uso wake ulifungwa kama duka. Alishika kamba za mbuzi, zote tatu, akaondoka nazo, na mimi nikarudi kilimani nikijiona jogoo.

19 Novemba

Mbinya hasemi.

20 Novemba

Mbinya hasemi. Mvua inasema peke yake.

22 Novemba

Wameweka mnyororo kwenye njia ya nyuma ya jikoni. Askari mpya, mtoto wa juzi, anasema amri ya wenye hoteli ni kwamba hakuna kupita isipokuwa wafanyakazi wenye kitambulisho. Nikamwambia aniitie Muktar. Akarudi akasema Muktar amesema hana la kuongeza.

Kwa hivyo Mbinya anapita kwa sababu anafua mashuka yao. Mimi sipiti. Nimezungukwa na maji pande tatu na waya upande wa nne.

25 Novemba

Nimeanza kumsindikiza Mbinya mpaka kwenye mnyororo asubuhi, na jioni namngoja papo hapo. Hakuna wa Garissa wala wa mbinguni atakayemchukua. Nilimtoa kwao kwa mbuzi wangu mwenyewe na kwa machozi yangu.

Anatembea mbele yangu. Zamani tulikuwa tukitembea bega kwa bega.

30 Novemba

Maji yamepanda. Bustani ya chini ya maboga imeondoka.

4 Desemba

Kijana wa boti za hoteli, Muthama, amepita akiwa na wazungu wavuvi. Amepunga mkono kama kawaida yake. Kama kawaida yangu sikumjibu. Kasyoka alimpungia mpaka nikamwambia ashushe mkono.

9 Desemba

Chumvi imeisha. Mbinya ataleta.

10 Desemba

Hakuleta. Alisema alisahau. Tumekula bila. Nilimwambia mke mwema hasahau chumvi. Akanijibu, na haya ndiyo maneno ya kwanza marefu tangu siku ya mbuzi: "Mama, kama ni chumvi, nitaleta. Kama ni kitu kingine unachokitafuta kwangu, kitaje."

Sikukitaja.

13 Desemba

Mvua mchana kutwa. Hoteli imejaa watu wa Krismasi. Muziki unapanda mpaka huku. Wao wamelipa kuja kufungiwa hapa. Nashangaa.

19 Desemba

Nitaandika yote hata kama mkono unauma.

Mbinya alikuwa kazini. Kasyoka aliamka na joto, na kufika saa sita mwili wake ulikuwa unaruka, macho yamegeuka meupe. Nilimfunga mgongoni nikavaa viatu vya mpira nikashuka. Mvua ilikuwa kama mtu anamwaga debe. Kwenye mnyororo yule askari hakuwepo, alikuwa amejificha mvua mahali, na lango la waya lilikuwa limefungwa kufuli. Nikapiga kelele, jenereta ikanishinda.

Basi nikashuka ukingoni, nikaingia majini mpaka magotini, nikauzunguka mwisho wa waya, nikatokea kwenye ule mchanga wao. Mlango wa kwanza ulikuwa wa kioo. Nikausukuma.

Ilikuwa kasino. Ndani hakuna dirisha wala saa ya ukutani. Mapazia mazito, zulia jekundu. Gurudumu linazunguka na kigololi kinarukaruka kama punje kwenye kikaango. Mashine zimepangwa ukutani, kila moja na mkono mmoja, na mbele yake mtu ameketi akiuvuta na kuuvuta kama anayemkamua ng'ombe aliyekauka. Nyuso zao hazikuwa na furaha. Nilitarajia furaha. Bwana mmoja mwenye suti, mkubwa wa mahali fulani, alinitazama maji yakinitiririka juu ya zulia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani kunanyesha?"

Nikamwambia kunanyesha tangu Novemba.

Nikauliza nani ana gari. Hakuna aliyenyanyuka. Si kwamba ni wabaya. Waliniangalia kama mtu anavyoangalia kutoka ndani ya usingizi, halafu macho yakarudi kwenye gurudumu. Kijana wa sare akaja kunitoa. Nikaita jina moja tu lililonijia, nikaliita kwa sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. "Muktar!"

Na aliingia. Aliingia humo ndani asimoingia, akakanyaga lile zulia, akamgusa mtoto shingoni. Akasema barabara ya Tulia imekatwa na mafuriko, gari halipiti, ni boti. Akanitoa kwa mlango uleule wa kioo huku akinifunika na mwavuli wa hoteli, yeye mwenyewe akilowa.

Muthama alikuwa ameshawasha injini. Sijui nani alimwambia. Mbinya alikuja akikimbia kutoka chumba cha dobi na aproni yake, akaingia botini kabla yangu na Muktar. Na hapo niliona. Nilipomfungua Kasyoka mgongoni, mtoto alinyosha mikono, si kwa mama yake, si kwangu. Alimwendea Muthama, akajikunja juu ya paja lake kama mtu aliyezoea mahali pake, na Muthama akaendesha kwa mkono mmoja. Nikamtazama yeye, nikamtazama mtoto. Masikio yaleyale yaliyosimama. Miaka minne nimeyaosha masikio hayo na sikuwahi kuyaona.

Zahanati ya ng'ambo walimchoma sindano ya malaria. Jioni alikuwa ameomba maji.

Tukiwa kwenye benchi, nilimwambia Muktar habari ya mbuzi. Nilimwambia nilivyoelewa. Akacheka kidogo puani.

"Mama, mimi nina mke na watoto Garissa. Kwetu ukimsumbua jirani kwa kumfungia njia, unampelekea mnyama ili moyo wake upoe. Nilikuwa nawabembeleza wenye hoteli wakuachie njia. Uliponifukuza mbele ya watu, nikaona hutaki ujirani. Nikaacha kubembeleza."

"Na kwa nini walikuwa watatu?"

"Si mko watatu nyumbani?"

Nikahesabu kwa vidole.

20 Desemba

Kasyoka anakula uji. Mbinya analia akipika. Simuulizi.

22 Desemba

Nimemuuliza.

Amesema Muthama amepata kazi ya kuendesha lori Emali, anaondoka Januari. Alitaka kwenda kwao Mukuyuni kumposa, lakini unamposaje mke wa mtu? Baba yake Mbinya angesema amekwisha kula mbuzi wa Kalondu. Kanisa haliwezi kuwafungisha ndoa. Kile kitambaa cha kichwa, Muthama ndiye aliyekileta.

Nikamuuliza kwa nini hakutoroka. Kila siku alikuwa anapita langoni na kitambulisho chake, mtoto angeweza kumbeba wakati wowote nikiwa shambani. Wengine wametoroka kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Akasema, "Ningekuacha na nani, Mama?"

Nikatoka nje nikasimama mvuani kama mbuzi.

25 Desemba

Krismasi. Muktar, ambaye si siku yake, alituletea gilasi ya barafu. Ilifika maji.

27 Desemba

Sitaki.

Naandika hivyo kwa sababu hakuna wa kumwambia. Sitaki. Nilikuwa peke yangu kwenye kilima hiki miaka mingi kabla ya Mbinya. Najua nyumba inavyolia ikiwa na mtu mmoja. Sheria yetu iko upande wangu. Nikisema hapana, ni hapana, Muthama ataenda Emali, na Mbinya atabaki akifua mashuka na kusahau chumvi mpaka awe mzee kama mimi. Sitahitaji waya wala mnyororo. Mimi mwenyewe natosha.

28 Desemba

Mnyororo umeondolewa. Muktar amewabembeleza tena. Nimeenda Tulia, nimenunua chumvi.

29 Desemba

Huko Tulia nilipeleka ujumbe Mukuyuni, baba yake Mbinya aje.

2 Januari 1990

Ndengu zinaanza kukomaa. Mvua inapungua.

7 Januari

Baba yake Mbinya amefika, Mzee Musyoka, amelala njiani Kitui mjini na kulalamika juu ya kunguni. Kilimani kulikuwa na matope, kwa hivyo Muktar alitupa kibanda ambamo wafanyakazi wa hoteli hulia chakula. Tulikuwa mimi, Mzee Musyoka, Mbinya, Muthama aliyevaa shati lenye mikunjo ya kukunjuliwa leo, na Muktar mlangoni kama shahidi. Wageni walikuwa wakipiga kelele kwenye bwawa lao.

Nilisema, "Mzee, huyu ulinipa awe mke wangu. Ameishi nami vizuri. Kuanzia leo si mke wangu, ni binti yangu. Sidai kurudishiwa kitu. Mwenye kumtaka akuulize wewe, na akuulize mbele yangu."

Mbinya alifunika uso. Muthama akaanza kushukuru, nikamwambia anyamaze, bado ana mengi ya kulipa na si kwangu.

Nilidhani yamekwisha. Lakini Mzee Musyoka ni mtu wa desturi, na ananiheshimu. Akakohoa, akasema mbele ya wote kwamba mama anaweza kwenda, ila mtoto alizaliwa ndani ya nyumba ya Mulei, ni wa Mulei, atabaki na Kalondu. Kwamba hilo halina mjadala, na hakuna atakayenidhulumu katika hilo. Alilisema kama zawadi.

Hakuna aliyepinga. Muthama alitazama chini. Mbinya alinitazama mimi, na hakuomba. Laiti angeomba, ningemkasirikia, ingekuwa rahisi. Nje Kasyoka alikuwa kwenye bembea ya hoteli, anasukumwa na mpishi, naona miguu yake tu ikija na kupotea.

Ningeweza kukaa kimya. Kukaa kimya tu kungetosha.

Nikasema, "Mtoto ana mama. Na ana baba, tumemwona sote. Ataenda nao."

Mzee Musyoka akaniuliza kama naelewa ninachokisema, kwamba jina la Mulei halitakuwa na mtu. Nikamwambia nimeelewa kabla yake. Kisha nikasema njaa inaniuma, na kama hoteli hii ina meza ndefu kama wanavyojisifu, watuletee kitu. Muktar alileta sinia ya wali na nyama, tukala, hata mimi nilikula.

8 Januari

Sikuamka mapema.

11 Januari

Tumevuna ndengu sisi watatu. Mbinya alicheka shambani ovyo, kama alipokuja.

16 Januari

Wameondoka leo. Walivuka kwa boti mpaka ng'ambo, lori la Emali likiwangoja. Kasyoka aliniuliza kama hoteli ya Emali ina bembea. Nikamwambia hakuna hoteli, kuna treni. Akaridhika. Mbinya alinishika mikono yote miwili akasema watakuja kunichukua nikaishi nao. Nikamwambia nina mbaazi shambani. Akasema baada ya mbaazi. Nikamwambia tutaona. Anajua maana ya tutaona yangu.

17 Januari

Jua.

18 Januari

Nimepika isyo, mahindi na maharagwe, sufuria ileile. Nusu nimempelekea askari wa langoni.

21 Januari

Muktar alipanda na chupa ya chai ya maziwa. Tulikaa tukitazama maji. Amesema wageni wamepungua, kasino imewashwa ingawa ina watu wawili tu, amri ni isizimwe. Ameniuliza kama sitaki kuhama, lango sasa liko wazi. Nikamwambia najua liko wazi.

24 Januari

Jioni nilikwenda kukaa karibu na Mulei. Nimeng'oa majani yote yaliyoota kwa mvua. Nimemwambia nyumba yake imeishia kwangu, na aliyeifunga si maji wala hoteli, ni mimi, kwa mdomo wangu, nikiwa na akili timamu. Nimemwambia mtoto ni mzima na anakula vizuri. Nimemwambia kama ana neno kuhusu hayo, alishike, siko mbali, nitakuja kulisikiliza mwenyewe. Halafu nikajifuta mikono nikarudi kuwasha moto.